Kilomita za Taratibu

Katika miaka kumi na tisa aliyomwendesha Mkurugenzi, Taratibu hakuwahi kukaa sebuleni kwake. Nyumba ile aliijua, lakini aliijua kwa upande wa jikoni. Alijua kigae kilichopasuka kwenye ngazi ya nyuma, alijua bomba la bustani linalovuja, alijua ndoano ya kutundikia funguo. Sebule aliiona kwa mbali tu, kupitia mlango ulioachwa nusu wazi, akiwa amebeba mabegi mikono yote miwili. Kwa hiyo Jumamosi ile asubuhi, miezi minane baada ya kustaafu, alipoitwa kwa simu, akafika, na Mkurugenzi mwenyewe akamwambia, "Ingia, ingia, kaa hapo," aliduwaa. Aliliangalia kochi, akaviangalia viatu vyake, akakaa ukingoni kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari.

Taratibu si jina alilopewa na wazazi. Ni madereva wenzake waliomwita hivyo, enzi zile anaanza kazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari wala kumsikia akipiga honi kwenye foleni. "Bwana wee, huyu akikupeleka hospitali utapona njiani kabla hamjafika," walimtania kwenye maegesho ya ofisi. Jina likamganda. Likapanda ngazi likaingia ofisini, likafika mpaka kwa Mkurugenzi, na mwisho hata mke wa Taratibu mwenyewe akawa analitumia siku akiwa na hasira. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na mazoea ya kufuta mikono kwa leso kabla ya kushika usukani. Hakuwahi kugonga hata ndoo.

Mkurugenzi alikuwa amenenepa kidogo tangu Taratibu astaafu. Alimimina chai kwenye vikombe viwili, kimoja akamsogezea Taratibu, na hapo Taratibu akaduwaa mara ya pili.

"Lile gari langu," Mkurugenzi alisema. "Mimi nimeshapata jingine. Nataka lile ubaki nalo wewe."

Taratibu alidhani amesikia vibaya. "Mimi, Bosi?"

"Wewe. Si bure, unanielewa, lakini nitakupa bei ya mtu wa nyumbani."

Bei aliyoitaja ingemeza karibu kiinua mgongo chote cha Taratibu. Hata hivyo, kwa gari la namna ile, ilikuwa bei ya kumfanya mtu acheke peke yake barabarani. Na neno lililomwingia kifuani halikuwa la bei. Lilikuwa lile la mtu wa nyumbani.

Gari lenyewe lilikuwa kubwa, la rangi ya buluu iliyokolea mpaka ukiliona kivulini unasema jeusi. Viti saba vya ngozi, rangi ya maziwa. Paa la kufunguka. Ukiliwasha linajiinua lenyewe kwa hewa, polepole, kama mtu mzito anayeinuka kitini kwa heshima. Taratibu alikuwa amelipokea likiwa jipya, bado na nailoni kwenye viti, na akaliendesha miaka kumi na minne. Alilijua kuliko alivyoijua miguu yake.

"Gari zima kabisa," Mkurugenzi akaendelea, akikoroga chai. "Halina shida yoyote. Na kwa umri wake, limetembea kidogo tu."

Taratibu akacheka. Alidhani ni utani, akacheka kwa adabu, kicheko kifupi cha mtu aliyezoea kuchekea utani wa bosi. Lakini Mkurugenzi hakuwa anacheka. Alikuwa anapuliza chai yake.

"Lichukue leo, kaa nalo siku mbili, mwonyeshe mama nyumbani," alisema. "Halafu uniletee jibu."

Taratibu aliufuata ufunguo kwenye ndoano ileile, akaenda kwenye banda la magari, akavuta turubai. Alizunguka gari mara moja, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi. Akafuta mikono kwa leso. Akapanda, akafunga mlango, akawasha. Gari likajiinua. Machozi yalikuwa yanamlengalenga kwa furaha, akainamisha macho kwenye dashibodi ili ayafiche, ingawa hakukuwa na mtu wa kuyaona.

Mita ya kilomita ilisoma laki moja arobaini na nane elfu, mia tisa na mbili.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama nje ya kioo, kuhakikisha amepanda gari lenyewe.

Akazima. Akasubiri. Akawasha tena. Laki moja arobaini na nane elfu, mia tisa na mbili. Akapapasa pembeni ya kiti cha nyuma mpaka akaupata ule mkwaruzo uliofanywa na saa ya Mkurugenzi mwaka wa kwanza. Upo. Akafungua kisanduku cha mbele. Kitambaa chake cha kufutia kioo, chenye pindo la kijani, bado kilikuwa kimekunjwa mle alivyokiacha. Gari ni lile lile.

Yapo mambo dereva hasahau. Kwa miaka yote ile, kila jioni kabla ya kukabidhi ufunguo, Taratibu aliandika namba ya mita kwenye kitabu cha safari na kutia sahihi. Namba ya siku yake ya mwisho kazini ilikuwa kichwani mwake kama tarehe ya kuzaliwa ya mtoto: laki tatu themanini na sita elfu, mia mbili na kumi na nne. Na hii iliyokuwa inamkodolea macho sasa aliijua vilevile. Alikuwa ameiona kwa macho yake mwenyewe, ikapita, miaka tisa na ushei nyuma, wakati masharubu yake yalikuwa bado meusi.

Alitoka getini bila kujua ametokaje. Mlinzi alimpungia mkono, yeye hakurudisha salamu.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Waya.

Waya alikuwa fundi wa umeme wa magari, rafiki yake wa siku nyingi, mfupi, mnene, miwani ameipandisha kwenye paji la uso hata anapoitafuta. Gereji yake ilikuwa ndogo, ukuta mmoja umejaa nyaya zilizoning'inia kama nguo za kuanikwa. Alipoliona gari likiingia alipiga makofi.

"Aisee, mzee mzima! Wamekurudisha kazini?"

"Nataka kulinunua," Taratibu alisema. "Lipime."

"Mbona uso umekupauka hivyo? Mtu anayenunua gari hili anatakiwa awe anacheza."

"Angalia mita."

Waya aliingiza kichwa ndani. Kichwa kikakaa humo muda mrefu. Alipokitoa, hakuwa anatania tena. Alikwenda kuchukua kompyuta yake ndogo ya kupimia magari, akachomeka waya chini ya usukani, akabonyeza, akangoja. Taratibu alisimama kando, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

"Ona," Waya alisema mwishowe. "Dashibodi inasema hivi. Lakini giaboksi ina kumbukumbu zake, na breki zina kumbukumbu zake. Hizi zote zinasema laki tatu themanini na sita. Dashibodi wameifundisha uongo, hawa wengine wakasahau kuwaambia."

"Si inawezekana imeharibika tu?"

"Ikiharibika inazima, kaka, au inaleta takataka. Hairudi nyuma miaka minane halafu ikatulia. Hii ni kazi ya mtu. Nusu saa, amemaliza, amelipwa, ameondoka."

"Pengine ni fundi. Pengine walipeleka matengenezo, fundi akafanya bila kumwambia Bosi."

Waya alishusha miwani, akamtazama rafiki yake kupitia vioo kwa mara ya kwanza. "Fundi apate faida gani? Anayeuza gari ni nani?"

Taratibu akakaa juu ya tairi kuukuu.

Waya alikuwa mtu wa haki, akazipima na sehemu zote zilizobaki bila kuambiwa tena. Alilala chini yake, akafungua boneti, akaliendesha mpaka kona na kurudi. Mifuko ya hewa ya nyuma inayoliinua gari ilikuwa inavuja, mmoja zaidi ya mwenzake. Injini ilianza kutoa oili kwa nyuma. Giaboksi ilishtuka ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu.

"Mfuko mmoja wa hewa ukiuagiza, hela yake unanunua injini nzima ya gari dogo," alisema akijifuta mikono. "Na gari kama hili haliharibiki kitu kimoja kimoja. Likianza linaita ukoo wote. Lakini sikiliza, Mzee Taratibu, mimi siogopi kilomita nyingi. Kilomita nyingi zilizotunzwa, nanunua mchana kweupe. Na hizi umezitunza wewe, hata oili yake ukiinusa unajua. Kilomita zilizofichwa ndizo sinunui."

Taratibu alipolifikisha gari mtaani kwake, tayari ilikuwa alasiri. Wenyeji wa mtaa wakatoka. Barabara yao ilikuwa nyembamba, na lile dude lilipoingia liliziba mwanga kwenye madirisha ya pande zote mbili. Jirani mmoja alishika kiuno: "Taratibu, leo umesahau kulirudisha?" Mwingine alikuwa ameshapata habari, sijui kutoka wapi, akamkumbatia na kumpa hongera mpaka kofia ikamdondoka. Taratibu alitabasamu kwa meno tu.

Mkewe alikuwa mlangoni. Alikuwa karani wa masjala hospitalini, mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na tano kazi yake ilikuwa kukumbuka faili la nani limewekwa wapi, na hakuwa anasahau kitu nyumbani pia. Alilitazama gari, akamtazama mumewe.

"Baba, umeumwa?"

"Twende ndani."

Wakakaa mezani, kwenye kile chumba chao kimoja ambacho kilikuwa sebule mchana na chumba cha mtoto wa mwisho cha kujisomea jioni. Taratibu akamweleza yote, tangu kochi na chai mpaka tairi kuukuu la Waya. Alitegemea mkewe apandwe na hasira, amtukane Mkurugenzi, aseme watu wakubwa wako hivi na vile. Badala yake mkewe alivuta daftari la mtoto, akachukua penseli, akaandika namba mbili, moja chini ya nyingine, akatoa.

"Laki mbili thelathini na saba elfu na ushei," alisema. "Kwa miaka kumi na minne uliyoliendesha, hiyo ni kama miaka minane na nusu. Amefuta miaka minane na nusu."

"Ya gari," Taratibu alisema.

"Ya gari?" Penseli ikakaa mezani. "Wewe ulikuwa wapi gari likitembea? Ulikuwa umekaa hapa na mimi?"



"Kitinda mimba wetu kazaliwa Jumanne, saa nne asubuhi," mkewe akaendelea, bila kupandisha sauti, kwa namna ileile anayosoma majina dirishani pake kazini. "Ulikuwa uwanja wa ndege ndani ya gari hilo, unamsubiri mgeni ambaye hata ndege hakupanda. Baba yangu tumemzika, umefika tunapukuta udongo mikononi. Harusi ya dada yangu picha zote nimesimama na shangazi. Mimi sikuwahi kukulaumu, kazi ni kazi, na tumekula. Lakini nilikuwa nahesabu, Taratibu. Nilijua hizo kilomita ziko mahali fulani zimeandikwa. Dunia hii kuizunguka ni kilomita elfu arobaini, namsikia mtoto akisoma. Umeizunguka mara tisa na zaidi, na hujawahi kunipeleka mimi hata kwa dada yangu. Halafu mtu anakaa, anakunywa chai, anazifuta."

Taratibu alipigwa na butwaa kuliko alivyopigwa mbele ya dashibodi. Kwa miaka yote ile alikuwa akirudi nyumbani anakuta chakula kimefunikwa na mwanamke anamuuliza habari za barabarani. Hakujua kwamba pale mezani palikuwa na mita nyingine inayosoma.

"Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

"Ungefanya nini?"



Baadaye mkewe alinyoosha mkono, akamshika kifundo cha mkono. "Kununua au kutonunua, amua wewe, gari unalijua wewe. Mimi nasema moja tu. Usinunue kwa namba ile."

Jumapili asubuhi Taratibu aliliosha gari lote, ndani na nje, kwa sababu hakuweza kurudisha gari la mtu likiwa chafu hata akiwa amekasirika. Akavaa shati jeupe. Akaendesha mpaka kwa Mkurugenzi kwa mwendo wake uleule, watu wakimpita.

Safari hii hakungoja kuambiwa akae. Alikaa. Mkurugenzi alikuwa na gazeti magotini.

"Eh, umelionaje?"

"Gari nalijua, Bosi. Nimekuja kuuliza habari ya mita."

"Mita imefanyaje?"

"Inasoma laki moja arobaini na nane elfu."

"Ndiyo. Si nilikwambia limetembea kidogo?"

"Siku nakukabidhi ufunguo ilikuwa laki tatu themanini na sita elfu, mia mbili na kumi na nne."

Gazeti likashuka. "Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, Bosi. Ni mimi niliyekuwa naliendesha."

Macho yalimtoka Mkurugenzi. Haukuwa woga wa mwizi aliyekamatwa, na ndilo jambo lililomshtua Taratibu kuliko yote. Ulikuwa mshangao safi, wa mtu anayegundua kwamba chumba alichokuwa akibadilishia nguo, siku zote hizo, kilikuwa na mtu ndani. Alikuwa hajafikiria. Katika kupanga kwake kote, haikumpitia akilini hata mara moja kwamba yule anayemuuzia ndiye aliyekuwa ameshika usukani.

"Ni dalali," Mkurugenzi alisema, sauti imeshuka. "Aliniambia kwa kilomita zile hakuna atakayeligusa. Kila mtu anafanya, alisema. Wakaja wanunuzi watatu, kila mmoja ana lake, wakaondoka. Gari linakaa tu pale. Ndipo nikakukumbuka wewe."

"Ulinikumbuka kama nani?"

Taratibu alishangaa kuisikia sauti yake. Hakuwa amepanga kuuliza hivyo; maneno yalimtoka yenyewe, na yalipokwisha kutoka akaona ni afadhali ayamalize. "Jana nimekaa hapa, ukaniambia limetembea kidogo. Ulikuwa unaongea na nani, Bosi? Safari zote zile, usiku wa mvua, yale mafuriko tuliyolala barabarani siku mbili, mimi nilikuwa nani pale mbele?"

Mkurugenzi alifungua mikono, akaifunga. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Alihutubia mikutano bila karatasi. Sasa alitafuta neno akapata moja tu.

"Sikufikiri."

Akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika, umezeeka ghafla. "Lichukue," alisema. "Bure. Nakuandikia karatasi leoleo. Lichukue tu, yaishe."

Asidanganywe mtu kwamba Taratibu hakutamani. Kwa muda wa kufumba na kufumbua alijiona kwenye ile barabara yao nyembamba, majirani wamejipanga, gari linajiinua, ni lake, hakuna wa kumwambia alirudishe. Alilipenda. Alikuwa amelisugua kwa mikono yake zaidi ya mara elfu nne.

Kisha akasikia sauti ya Waya ikitaja mifuko ya hewa. Akamwona mkewe na penseli. Na akajua jambo moja kwa uhakika wa dereva: kitu alichopewa ili yaishe, hakingeisha.

"Hapana, Bosi. Asante."

Mkurugenzi akabaki mdomo wazi. Inawezekana hakuwahi kukataliwa zawadi maishani mwake. "Sasa unataka nini?"

"Mita irudishwe ilivyokuwa, kabla hujamuuzia mtu mwingine. Kuna fundi anajua kuifanya. Na naomba barua."

"Barua ya nini?"

"Ya kazi. Niliyoifanya. Niliondoka na karamu ya soda na saa ya ukutani, barua sikupewa. Nataka uandike kwa mkono wako nilikuendesha miaka mingapi, kilomita ngapi kwenye gari hili, na ajali ngapi."

"Ajali…" Mkurugenzi alifikiri. Ilionekana dhahiri anatafuta na hapati. "Hakukuwa na ajali."

"Andika hivyo."

Mkurugenzi akaketi kwenye meza ndogo pembeni, akatoa karatasi yenye anwani yake juu, akafungua kalamu. Akaandika tarehe. Akaandika mstari wa kwanza, na mkono wake ukasimama. Kalamu ikaning'inia hewani. Akakaa hivyo, mgongo ameupa chumba, kwa muda uliomfanya Taratibu adhani wino umekwisha.

"Jina lako," alisema bila kugeuka. "Jina lako kamili…"

Taratibu hakuamini masikio yake. Miaka kumi na tisa. Alijua dawa za presha za mtu huyu na saa anazozimeza. Alijua tarehe ya ndoa yake, maana ndiye aliyekuwa anatumwa maua. Alitaka kucheka, alitaka kuondoka. Mwisho alilitaja, jina alilopewa na baba yake, na la baba, na la babu, polepole, huku Mkurugenzi akiuliza herufi moja moja kama karani, shingo imemwiva kwa aibu. Barua ilipokamilika alimkabidhi kwa mikono miwili. Taratibu aliuacha ufunguo mezani, akatoka kwa mlango wa mbele, akatembea kwa miguu mpaka kituoni.

Waya aliirudisha mita wiki ileile, akamtoza Mkurugenzi mara mbili ya bei yake ya kawaida na hakujutia. Gari lilinunuliwa na mkandarasi mmoja wa kuchimba visima. Kabla hajalipa alimpigia Taratibu simu, maana Mkurugenzi alimpa namba, akamuuliza lina nini. Taratibu akamweleza mifuko, oili, giaboksi, yote, karibu saa nzima. Mkandarasi akashukuru, akaomba apunguziwe bei, akapunguziwa, akalinunua hivyohivyo. Mpaka leo linapita mjini na mabomba yamefungwa juu ya paa, nyuma limelala upande mmoja kidogo.

Ile barua Taratibu aliipeleka shule ya udereva iliyo karibu na soko. Mwenye shule aliisoma mara moja, akainua macho, akaisoma tena. "Kilomita laki tatu na zaidi, ajali hakuna? Hii ni kweli?" Akamchukua awe mwalimu, siku nne kwa wiki, asubuhi. Wanafunzi wake wanalalamika kwamba haruhusu wavuke gia ya tatu mwezi mzima, lakini kwenye mtihani wanafaulu.

Mkurugenzi alimpigia siku moja, miezi kadhaa baadaye, kumjulia hali. Alimwita kwa jina lake kamili, na Taratibu akageuka kuangalia nyuma yake ni nani anayeitwa. Waliongea dakika mbili za hali ya hewa na afya. Hakuna aliyegusia jambo lile. Taratibu alikata simu akakaa nayo mkononi kitambo, hajui kama amefurahi au ameumia, na hata leo ukimuuliza anasema hajui.

Kiinua mgongo chake walikigawa. Sehemu ilienda kwenye karo, sehemu kwenye paa la nyumba, na sehemu ikanunua gari dogo kuukuu la milango minne, rangi ya kijivu, ambalo Waya alilikagua siku tatu mfululizo mpaka muuzaji akachoka. Mita yake ilisoma laki mbili na kumi na moja elfu, na kompyuta ikasema hivyohivyo.

Jumamosi ya kwanza waliamua kwenda kwa dada wa mkewe. Mkewe alitoka amevaa gauni la maua na mkoba wa kutokea. Taratibu alikuwa ameshalizunguka gari na kufuta mikono. Alipomwona anakuja, mwili ukafanya wenyewe ulichozoea: akawahi mlango wa nyuma, akaufungua, akasimama wima kando yake, kichwa ameinamisha kidogo, akingoja.

Mkewe akasimama. Macho yalimtoka pima. Akautazama ule mlango, akamtazama yule mwanamume aliyeushikilia.

"Wewe," alisema. "Mimi bosi wako?"

Taratibu akautazama mkono wake mwenyewe juu ya kitasa, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akacheka kwanza yeye, kisha mkewe, wakacheka mpaka jirani akachungulia dirishani. Akaufunga mlango wa nyuma. Mkewe akazunguka, akafungua wa mbele kwa mkono wake, akakaa, akauweka mkoba magotini, akafunga mkanda.

"Haya, twende," alisema. "Na usiende taratibu sana, dada ameshaanza kupiga simu."